Mafundo ya Mguu wa Kulia

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeketi kwenye benchi nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, ameshika chupa ya uji mapajani, na ndani kuna ndugu yake aliyelazwa kwa dawa za usingizi. Mtu huyo hajui mikono yake aifanyie kazi gani. Mimi sikuwa kwenye benchi. Nilikuwa ndani, usingizini, majuma sita, na mengi nitakayoyasimulia nimeyapata kwa kuuliza. Nimewauliza wauguzi, nimemuuliza mama, nimemuuliza mdogo wangu Editha mpaka akanikasirikia. Shule niliiacha darasa la tano, lakini kuuliza sijawahi kuacha.

Naitwa Zabroni. Kwetu ni Makere, wilaya ya Kasulu. Mama aliniita kiguu na njia tangu nilipokuwa mtoto, na hakukosea. Nimefyatua matofali Kibondo, nimelina asali kwenye mapori ya Gwarama, nimechimba vyoo, nimebeba mbao. Sikukaa mahali zaidi ya msimu mmoja. Hakuna nilichokuwa nakimbia wala nilichokuwa nakitafuta. Nilikuwa nikiona kilima, nataka kujua nyuma yake kuna nini. Baiskeli nilipata mara mbili na mara zote mbili niliigawa, kwa sababu mtu wa baiskeli haoni nusu ya anayoyaona mtu wa miguu.

Mwaka 2013, mvua zilipoanza na watu wakawa wanapanda maharage, nilikuwa Kitanga na wapasua mbao. Siku moja nikakanyaga ubao wa zamani uliokuwa na msumari. Uliingia unyayo wa kulia, pale katikati panapobonyea. Nikauchomoa, nikapaka majivu na tumbaku, nikafunga kitambaa, nikarudi kwenye msumeno. Kidonda kilifunga juu, nikakisahau.

Siku ya tisa hivi taya lilikaza. Nilidhani ni jino. Nikashindwa kufungua kinywa kutia tonge la ugali, na wenzangu wakafurahi.

"Leo Zabroni kanyamaza! Mungu mkubwa," alisema mmoja wao, Festo. "Tutapasua mbao bila maswali."

Jioni shingo nayo ikakaza, asubuhi mgongo. Festo ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Walinipakia kwenye pikipiki, nimebanwa katikati ya watu wawili, na kila shimo la barabara lilinikunja nyuma kama upinde. Mpaka Kasulu. Nilikuwa na akili zangu zote, jambo ambalo sipendi kulikumbuka.

Daktari wa mapokezi aliniangalia uso akasema, "Hebu cheka."

"Nimeshacheka," nikamjibu kwa meno yaliyofungana, maana uso wangu ulikuwa umejivuta wenyewe na sikuweza kuushusha.

Akamgeukia muuguzi. "Pepopunda. Apelekwe mahututi, na kusiwe na kelele."

Chumba kilikuwa na vitanda vinne. Dirisha la upande wangu walilifunika kwa blanketi jeusi, kwa sababu mwanga ulinikaza, mlango ukigongwa nilikaza, mtu akikohoa nilikaza. Mlangoni walibandika karatasi: USIMGUSE. USIONGEE. Muuguzi mmoja, dada Zaituni, mtu wa Tabora, aliniinamia sikioni. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayepuliza moto taratibu.

"Kaka, mwili wako unajipiga wenyewe. Tutaulaza mpaka uchoke kupigana. Ukiamka utatukuta hapa hapa."

Nikatamani kumuuliza utalala muda gani. Sikuwahi.

Yanayofuata ni ya kuambiwa.

Editha alikuja kutoka Makere siku ile ile, na benchi la nje likawa nyumba yake. Nimemzidi miaka minne. Alikuwa ameacha mtoto mdogo kwa shemeji yake na shamba lisilopaliliwa. Asubuhi alikoroga uji kwenye banda la kupikia ndugu wa wagonjwa, wa mahindi na karanga zilizosagwa na yai, akauchuja kwa kitambaa ili usizibe mpira wa kulishia uliokuwa puani mwangu. Dada Zaituni alimwonya asiuongeze maji: "Mwili usipoletewa chakula, unakula nyama yake wenyewe." Editha alilishika neno hilo. Uji ulikuwa mzito kila siku. Akishaukabidhi alirudi kwenye benchi, akatazama ile karatasi ya mlangoni. Jirani yake hapo alikuwa mama mmoja kutoka kambi ya wakimbizi, mumewe yuko kitanda cha pili. Siku ya sita mumewe alitolewa chini ya shuka, na yule mama kabla ya kuondoka alimwachia Editha sufuria lake. Ndilo tunalotumia nyumbani hadi leo.

Juma la pili mikazo ilipungua. Ndipo akaja Bwana Fadhili.

Huyu alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu wa Mbeya, mrefu, ana mikono kama makoleo. Wote walimwita daktari ingawa alikuwa akikataa. Alisimama mbele ya benchi akamuuliza Editha, "Wewe ndiye wa Zabroni? Njoo ndani. Nawa mikono."

"Imeandikwa asiguswe."

"Ilikuwa juma lililopita. Karatasi haijui kusoma mgonjwa." Akaibandua mwenyewe, akaikunja, akaiweka mfukoni. "Ukiendelea kumtazama tu, ataamka hai lakini hatakuwa na miguu ya kumrudisha nyumbani. Misuli isiyofanya kazi inaondoka, na kwa mtu aliyelazwa hivi inaondoka mbio. Mimi niko mmoja hospitali nzima. Nitakufundisha, utafanya wewe."

Akamfundisha. Subiri dawa iingie vizuri. Shika kisigino kwa mkono mmoja, goti kwa mwingine. Kunja polepole, nyoosha polepole. Zungusha kifundo cha mguu. Sukuma vidole vya mguu kuelekea usoni, ili mguu usilale ukielekea chini. Halafu mikono, vidole kimoja kimoja. Mara tatu kwa siku. Kisha mgeuze ubavu.

Ili Fadhili ajue mguu unapungua kiasi gani, alihitaji kuupima. Futi yake ya cherehani ilikuwa imekatika, basi akachomoa nyuzi mbili za gunia. Alipima shibiri moja juu ya goti, akazungusha uzi kwenye paja, na pale uzi ulipokutana akapiga fundo. Uzi mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia, na nyuzi zikaning'inizwa kichwani pa kitanda. Kila Jumatatu angepima tena kwenye uzi ule ule na kupiga fundo jipya. Mguu ukipungua, fundo jipya linaingia ndani ya lile la zamani.

Jumatatu ya pili mama yangu alifika kutoka Makere kwa mara ya kwanza. Barabara ilikuwa imeharibika kwa mvua na alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia, na sanduku la mavazi yangu safi kichwani. Akafungua mlango wa chumba cha giza, akamwona mtu asiyemjua ameniinamia, anazungusha uzi kwenye mguu wangu wa kulia.

Kwetu, mtu aliyelala akipimwa kwa uzi, aliyeushika uzi ni seremala. Hakuna asiyejua hilo. Seremala huja na uzi wake, hupima, hupiga fundo, huenda kupasua mbao za sanduku la maiti.

Mama alipiga ukelele.

Ukelele ule uliniingia hata ndani ya usingizi wa dawa. Editha anasema niliinuka kwa mgongo mpaka kichwa na visigino pekee ndivyo vilivyogusa kitanda, midomo ikawa ya bluu, na uzi ukabaki unaning'inia kwenye paja la kulia. Zaituni alikuja na sindano. Mkazo huo ulichukua muda mrefu kuliko wowote wa kabla yake. Nilipotua, Fadhili alimshika mama mabega akamtoa nje, akamketisha kwenye benchi.

"Mama, mimi si seremala."

"Umempima mwanangu!"

"Nimempima mguu, nijue kama anakonda. Tazama." Akapandisha suruali yake, akazungusha uzi mwingine kwenye paja lake mwenyewe, akapiga fundo. "Nami nimejipima. Je, mimi nimekufa?"

Mama alimtazama. "Bado," akasema.

Hata Zaituni alicheka. Fadhili naye akacheka, akadhani yameisha. Alimweleza tena habari ya misuli, mama akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa mwanangu, Mungu akubariki," na Fadhili akaenda wodi nyingine.

Lakini hayakuwa yameisha. Mama hakuona kwamba ni sauti yake iliyonikaza. Aliona mguu wa kulia unaguswa, na mwili unainuka. Ugonjwa uliingilia unyayo wa kulia. Kwake jambo lilikuwa wazi: ugonjwa bado umelala mle mguuni, na anayeukunja anausukuma juu, kwenda moyoni. Alimwambia Editha kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani, Fadhili akiwa bado anaonekana mwishoni mwa korido:

"Wa kushoto ukunje utakavyo. Wa kulia usiuguse. Ukiugusa akafa, umemuua wewe."

Fadhili aligeuka akawapungia mkono. Hakujua Kiha.

Editha alikuwa amekiona kile kilichonipata. Alikuwa amekaa hapo majuma mawili, hajalala vizuri, na sasa anaambiwa atamuua kaka yake kwa mikono yake. Akafanya kushoto. Mara tatu kwa siku, bila kukosa, na mikono yote miwili, na vidole kimoja kimoja. Wa kulia aliufunika shuka. Kila Jumatatu Fadhili alipima, akakunja uso.

"Unamfanyia na kulia?"

"Ndiyo, daktari."

"Kama nilivyokuonyesha?"

"Ndiyo."

Fadhili akasema labda ni kidonda, akapiga fundo.

Niliamshwa kidogo kidogo, dawa ikipunguzwa kila siku. Kitu cha kwanza nilichokijua ni harufu ya karanga. Cha pili ni kwamba nilitaka kujikuna pua na mkono haukuja. Niliupa amri, ukatikisika kidogo na kulala, kama mbwa mzee aliyeitwa. Editha akanikuna. Alikuwa analia na sikuelewa kwa nini, maana kwangu mimi ilikuwa bado siku ile ya pikipiki.

Waliponifunua kunisafisha nikaona miguu. Nataka niseme wazi, kwa sababu hakuna aliyeniandaa: nilidhani wameweka mtu mwingine kitandani. Magoti yalikuwa makubwa kuliko mapaja. Ngozi ilining'inia kwenye vigimbi kama soksi ya kuazima. Mimi niliyepanda milima ya kwetu Buha na gunia la asali mgongoni, nilihitaji watu wawili kuketishwa, na nikiketi kichwa kiliangukia kifuani. Nilihesabu pumzi. Nilitapika. Nilijisaidia pale pale kitandani na mama yangu akanisafisha, kama nilipokuwa mchanga.

Krismasi ilipita nikiwa najifunza kuketi. Mwaka mpya nilikuwa najifunza kusimama. Fadhili alinikumbatia kifuani, akaniinua.

"Weka uzito kushoto."

Nikaweka. Mguu ulitetemeka, ukashika.

"Sasa kulia."

Ulikunjika hapo hapo. Haukutetemeka hata kidogo. Tulianguka wote wawili kitandani, na kifundo cha mguu kilikuwa kimekaza kimeelekea chini, vidole vinagusa sakafu kabla ya kisigino. Akajaribu siku ya pili na ya tatu. Akawa anautazama mguu ule kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya. Editha alikuwa amesimama dirishani, ametugeuzia mgongo.

Tulirudi Makere watu wanavuna maharage. Nilishushwa kwenye gari nikiwa na magongo mawili ya mti, na Fadhili alinipa bahasha ya khaki yenye nyuzi mbili. "Wewe unapenda kujua mambo," alisema. "Kaa nazo. Kila Jumatatu ongeza fundo. Sasa yawe yanatoka nje."

Mtu aliyezoea kutembea, ukimweka uani, anageuza kila kitu kuwa safari. Kutoka mlangoni hadi kwenye kinu. Kutoka kwenye kinu hadi kwenye mgomba wa kwanza. Nilianguka mbele ya watoto, mbele ya kuku, mbele ya wageni waliokuja kunipa pole. Mama alisema nipumzike, nitajimaliza. Tuligombana juu ya hilo hadi majirani wakazoea.

Mchana mmoja Editha alikuwa anapura maharage uani, mama anapepeta. Mimi nimekaa kwenye mkeka, nimechoka, nikatoa zile nyuzi. Sikuwahi kuzilaza pamoja. Nilizilaza sambamba kwenye mkeka, mwanzo kwa mwanzo.

Mafundo ya kushoto yalikuwa yamebanana, kama punje za mahindi kwenye gunzi. Ya kulia, mawili ya kwanza yalikuwa karibu karibu. Baada ya hapo yaliruka. Kila fundo liko mbali na mwenzake, yanaingia ndani, ndani, ndani.

"Editha," nikasema, "Jumatatu ya pili kulitokea nini?"

Akaendelea kupura.

"Mpaka hapa miguu yote miwili inakonda sawa. Halafu wa kulia unakimbia peke yake. Kidonda nilikuwa nacho tangu mwanzo. Kwa nini kisile mguu tangu mwanzo?"

Fimbo ikasimama. Mama akasema, "Mwache mwenzio afanye kazi, wewe na maswali yako."

"Sikuukunja, kaka," Editha akasema. Alikuwa anaongea na maharage. "Hata siku moja. Daktari aliniuliza nikamwambia naukunja."

Akaeleza yote, ukelele, uzi, maneno ya mama. Mwisho akasema, "Nilidhani nitakuua." Mama aliweka ungo chini.

"Mimi ndiye niliyemkataza. Nilikuwa nakulinda."

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu vizuri. Nilimwambia, "Umenilinda mguu mmoja." Aliingia ndani. Hatukusemeshana mpaka mahindi yalipokomaa, na kwa mtu anayekulisha na kukuogesha, huo ni muda mrefu na mchungu. Editha alirudi kwa mumewe. Aliacha sufuria.

Nilipomweleza Fadhili, kwenye kliniki, alizishika nyuzi. Nilimuuliza: kama angeukunja, ningetembea? Alisema hajui, na hakuna anayeweza kujua. Kidonda kilikuwa na sehemu yake, ugonjwa wenyewe ulikuwa na sehemu yake, na hata mguu uliokunjwa kila siku ulikonda, kama nilivyoona. Kisha akasema: "Kosa langu ni kwamba nilimfundisha binti, sikumfundisha mama. Na sikuuliza walichokuwa wanasema."

Mguu wa kulia umerudi nusu. Kisigino hakigusi chini. Natembea kwa gongo moja hadi sokoni Makere, ninakotengeneza redio na tochi, na njia hiyo inanichukua muda ambao zamani ningekuwa nimeshaivuka Kitanga. Kilima cha pili sikijui tena. Nawauliza wapita njia wamekuta nini huko, wengine wananijibu.

Mwaka huu, 2015, siku moja ya kliniki, Fadhili aliniita kwenye ile korido. Benchi lilikuwa lile lile. Palikuwa na mzee mmoja na mkewe, wana chupa ya uji. Kijana wao alikuwa ndani, amelazwa kwa dawa, taya kama langu, na jeraha la jembe kwenye mguu wa kushoto. Editha nilikuwa nimekuja naye. Ndiye anayenisindikiza kliniki siku hizi, ingawa njiani tunaongea mambo ya mvua tu.

Fadhili aliwaeleza kwa Kiswahili, wakaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nikiitazama ile namna ya kuitikia. Alipotoa uzi mfukoni, yule mama alishika mkono wa mumewe, na mzee akamnong'oneza kitu kwa Kiha.

"Amesema nini?" Fadhili akaniuliza. Amejifunza kuuliza.

Nilitaka kujibu. Editha akanitangulia. Alipiga magoti mbele ya wale wazee, akanipandisha suruali mguu wa kushoto, kisha wa kulia, hapo koridoni watu wakipita. Akauchukua mkono wa yule mama akauweka kwenye paja langu la kushoto, halafu akauhamisha kwenye la kulia. Nilihisi vidole vyake vikizama pale ambapo nyama ingekuwepo.

"Huu niliukunja," Editha alimwambia kwa Kiha. "Huu niliogopa."

Yule mama hakuondoa mkono upesi. Aliupapasa mguu wa kulia hadi kwenye kifundo, akarudi juu. Kisha akamkabidhi mumewe chupa ya uji, akasimama, akauliza maji ya kunawa yako wapi.